Mpishi na Ukoko Wake

Mwaka 1949 nilikuwa na miaka kumi na minane, na ndio mwaka shida ilipoanza kwetu Matambarale. Mvua ilikatika mtama ukiwa kwenye goti. Mhogo ukawa nyuzi tupu. Tukaingia porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya msituni, kama nguruwe. Baba akafariki baada ya mfungo. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyebaki na sauti juu yangu, na yeye alikuwa na watoto saba wa kulisha. Akaniita akaniambia, "Wewe una mikono. Wenye mikono wote wako Nachingwea."

Nikaenda kwa miguu, siku mbili, mpaka kwenye kambi za wazungu wa karanga, walikokuwa wanang'oa msitu kwa matrekta. Sikusoma mimi. Nilikaa darasa la pili tu, na nusu yake nilikuwa shambani nafukuza ndege. Nayasema haya mapema ili msomaji asitafute maneno makubwa hapa. Namwandika mtu mmoja, Mpishi, kwa sababu kila nilicho nacho leo kilipita kwanza mikononi mwake. Alikuwa na jina. Sisi tulimwita Mpishi, naye akiitwa jina lake alikuwa hageuki.

Nilimkuta nyuma ya jiko la kambi, amechuchumaa, pipa limelazwa mbele yake, mapajani ana ukoko wa ugali mpana kama kofia. Akaniangalia. Akauangalia ukoko. Akaniangalia tena. Kisha akanisukumia wote, akageuza uso upande wa pili.

"Chukua upesi," alisema. "Upesi, nisije nikabadili nia."

Nilikula. Wakati ule nilidhani ni ukarimu wa kawaida. Ilinichukua miaka mitano kujua alichokuwa amenipa.

Wengi wakisikia habari zake wanadhani alikuwa mnene. Alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Shati lilimning'inia, na msuli alikuwa akiukaza kila baada ya hatua kumi. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vinene, vimeungua vikakomaa, anaweza kugeuza kaa la moto kwa mkono huku anazungumza na wewe. Sauti yake ilikuwa ya chini. Jikoni hakutaka nyimbo. Alipika kwa kusikiliza: akiinamisha sikio juu ya sufuria anajua maji yamebaki kiasi gani, anasema, "Bado kidogo, huyu bado anaongea."

Kambini alitupikia ugali na maharage. Lakini heshima yake kubwa ilikuwa shughuli. Harusi, maulidi, arobaini, kuanzia Mtua mpaka Ruangwa na vijiji vya mbele, watu walimfuata yeye. Pilau yake ilikuwa punje moja moja. Alipalia makaa juu ya kifuniko, akaketi, hakufunua mpaka wakati wake ufike, hata mwenye nyumba alie. Na baada ya wageni kupakuliwa, ule wali uliogandia chini, wa rangi ya asali, wenye mafuta na vipande vya vitunguu vilivyoungulia humo, ndio uliokuwa haki ya mpishi. Hiyo ilikuwa desturi, kila mtu anaijua. Mpishi wa shughuli haketi kwenye sinia na wageni. Anabaki na sufuria yake.

Sasa, huyu mtu ukoko haukuwa haki yake tena. Yeye ndiye aliyekuwa haki ya ukoko.

Sauti ya mwiko ukikwangua chini ya sufuria, kwaruu, kwaruu, ilimkatisha maneno katikati. Mara moja pale kambini wenzangu walichukua jembe, wakalikwaruza kwenye jiwe nyuma ya kibanda chake wakati amelala mchana. Wallahi alitoka nje na mkono wa kulia umeshakunjwa shati. Alipotuona akacheka nasi, lakini nilimwona anameza mate. Siku hiyo jioni alikula ukoko wote wa mapipa mawili. Nilijifunza kitu hapo ambacho hakuna aliyenifundisha darasani: ukimcheka mtu wa namna hiyo, humpunguzii. Unamwongezea.

"Mpishi," nilimwuliza, "wewe huwa hushibi?"

"Tumbo limeshiba tangu saa sita," akasema. "Ni huu mdomo ndio haujaambiwa."

Alikuwa akilizungumza jambo hilo kama fundi anavyozungumza juu ya baiskeli mbovu. Hakujificha kwangu. Alisema kipande cha kwanza anakula yeye, anakionja, anakifurahia. Cha pili anakula na mawazo. Cha tatu na kuendelea hana habari navyo, anashtukia tu vidole vinagonga chuma. "Ukiniuliza kilikuwa kitamu, sijui. Sikuwepo."

Na hapa ndipo watu walipokuwa hawamwelewi. Mtu huyu huyu alikuwa mfungaji hodari kuliko wote niliowahi kuwaona. Ramadhani alifunga bila hata kutema mate ovyo. Akaunganisha sita za Shawwal. Jumatatu na Alhamisi za mwaka mzima alifunga, na siku hizo anapikia watu mia mbili, mvuke unampiga usoni, kitone hakigusi ulimi. Nikamwambia, basi wewe ni mtu mwenye nguvu ya moyo. Akanikatalia kwa hasira.

"Nguvu gani? Kufunga ni rahisi. Kufunga kuna mlango. Umefungwa, wewe uko nje, unakaa. Nionyeshe mlango wa kula kidogo. Uko wapi? Mimi sijauona."

Mkewe alikuwa mwanamke wa maneno. Aliwaambia wageni, "Karibuni. Mimi ni mke mdogo. Mke mkubwa ni ile sufuria, iko uani, kaisalimieni kwanza." Mpishi alicheka mpaka akakohoa. Lakini yule mama ndiye aliyemsaidia kujaribu dawa zote. Walimwaga maji kwenye sufuria mara tu baada ya kupakua, ukoko ulainike ukose ladha. Akaunywa kama uji. Wakasema awe anatafuna kijiti cha mwarobaini, mdomo uwe mchungu. Akasema ukoko baada ya mwarobaini ni mtamu maradufu, akashukuru. Akaagiza wanawake wakwangue kabla hajafika. Akawafuata chini ya kichanja cha vyombo akajifanya anatafuta upawa.

Mwisho akamwambia mkewe amfunge mkono wa kulia kwa kipande cha kaniki, mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa arobaini ya mzee mmoja Mtua. Watu wakadhani ameungua, wakampa pole, imamu akamwombea dua kabisa. Wageni walipoanza kula yeye akabaki jikoni peke yake. Alinisimulia jambo hili mara moja tu, hakulirudia.

"Nilikula kwa mkono wa kushoto," alisema. "Mimi, mtu mzima, Mwislamu, nakula kwa kushoto kama sina akili. Na dua ya imamu bado iko kichwani pangu. Siku hiyo nilijiogopa."

Hayo yote yangekuwa ya kuchekesha tu kama si harusi ya Chinongwe.

Mwaka wa harusi hiyo kambi zilikuwa zimepungua, watu wengi tumerudi kwenye majembe, na mchele ulikuwa wa kutafutwa. Mpishi akaitwa Chinongwe. Akapika. Lakini safari hii aliongeza moto chini kuliko alivyopaswa, na akauacha muda mrefu kuliko alivyopaswa, na alijua anachofanya. Ukoko ukawa na unene wa kiganja. Wali uliobaki juu ukapungua, na zilipopakuliwa sinia za upande wa bibi harusi, akina mama wa sinia tano wakapelekewa mchuzi na pole. Mmoja wao, bibi wa makamo, akaja jikoni mwenyewe kuuliza. Akamkuta Mpishi nyuma ya banda, mashavu yamejaa.

Hakumtukana. Alirudi kwa wenzake akaanzisha wimbo, wakauimba njia nzima:

"Mpishi kala, mpishi kala,
sisi twaambiwa moto ulikuwa mkali!"

Wimbo ule ulitembea kuliko magari ya karanga. Wiki ya pili ulikuwa Ruangwa, wiki ya tatu Nachingwea sokoni. Hakuna aliyemwita tena. Mpishi akaning'iniza mwiko wake mkubwa darini, akaenda kulima ufuta. Akiulizwa anasema amepumzika. Mtu aliyepumzika hapiti mbali na nyumba yenye harusi kwa kuzunguka shamba zima. Mimi nilimwona akizunguka. Alikuwa na kazi moja tu aliyoijua duniani, na aliivunja kwa mikono yake, na alijua.

Mwaka 1954 nikataka kuoa. Nilikuwa nimelima mpunga bondeni misimu miwili, nimepata magunia mawili, mbuzi wanne, na kanzu mpya. Mambo ya kwetu mjomba ndiye mwenye harusi. Nikamwambia, "Mjomba, mpishi nimeshampata." Nilipomtaja akasimama.

"Huyo? Umesahau mchumba wako anatoka wapi?"

Sikuwa nimesahau. Anatoka Chinongwe. Na yule bibi mwenye wimbo ndiye bibi yake mzaa mama.

"Yaani wakwe zako," mjomba akasema, "unawaletea mtu yule yule aliyewalaza njaa. Wakiamka wakaondoka na binti yao, mimi nitakwenda kusimama wapi?"

"Nimeshajiahidi moyoni."

"Kwa nini, wewe mtoto? Wapishi wameisha Tanganyika?"

Nikamweleza habari ya ukoko wa kambini mwaka 1949. Mjomba akaketi tena. Kisha akasema, "Sawa. Lakini sitasema mimi. Nenda mwenyewe Chinongwe ukamwambie yule bibi kwa mdomo wako."

Nilikwenda. Bibi alikuwa anapepeta ufuta, hakusimamisha ungo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu." Ndivyo mabibi wanavyotutania. "Umekuja kunichukua mimi au mjukuu?"

"Nimekuja kuhusu mpishi."

Nikamtaja. Ungo ukasimama. Akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Siku zote anakula peke yake?"

"Ndiyo bibi. Mpishi wa shughuli haketi na wageni. Ni desturi."

"Nani aliianzisha hiyo desturi?"

"Sijui."

"Na mimi sijui." Akarudisha ungo. "Nimelea wajukuu kumi na mmoja. Yule anayelambalamba vyungu siku zote ni yule anayekula pembeni. Mkimweka kwenye sinia na wenzake anatulia, kwa sababu kuna macho, kuna maneno, kuna mtu wa kumgombeza. Nyinyi mnamwacha mtu na sufuria wiki baada ya wiki, watu wote wanacheka barazani, yeye anasikia vicheko kutoka jikoni. Mnategemea afanye nini? Azungumze na moto?"

Akapepeta mara mbili.

"Apike," akasema. "Lakini akishapakua sinia ya mwisho asibaki jikoni hata dakika. Aje ale na bwana harusi, sinia moja. Nikimwona nyuma ya banda, mjukuu wangu tunarudi naye. Mwambie nina wimbo mwingine, na huu una ngoma."

Kumwambia Mpishi ilikuwa kazi ngumu kuliko kumwambia bibi. Kupika alikubali kabla sijamaliza sentensi, akapanda darini kuchukua mwiko. Kuketi alikataa.

"Mpishi akikaa na wageni ni kujishusha."

"Kula kwa kushoto ndiyo kujikweza?" Nilimwambia hivyo. Mimi si mtu wa kuzunguka maneno. Aliniangalia nikadhani atanipiga na ule mwiko. Akasema taratibu, "Sijui kukaa. Nimesahau. Miaka ishirini sijala na watu kwenye shughuli. Nitakula upande wa mtu mwingine, nitawaaibisha."

"Utakula upande wako, na mimi nitakuwa pembeni yako."

"Na sufuria?"

"Sufuria ina wenyewe."

Siku yenyewe nilikuwa na kanzu mpya na sikuona harusi. Macho yangu yalikuwa jikoni. Mpishi alipika kwa moto mdogo kama anapika dawa. Alipofikia sinia ya mwisho aliiinua yeye mwenyewe, akatoka nayo bila kugeuka nyuma, jasho linamtoka, akaja akaketi kati yangu na mjomba. Msuli ukamfunguka kidogo, akaukaza. Tulikuwa wanne. Akatia mkono, akachukua kidogo, akatafuna, akangoja. Kama mgeni kweli.

Ndipo huko jikoni akina mama wakaanza kukwangua. Kwaruu. Kwaruu.

Mkono wake ukasimama hewani. Nilimwona anasikiliza kwa kichwa kizima, goti moja limeshanyanyuka kutoka kwenye jamvi. Na upande wa pili wa ua bibi amesimama, mikono kiunoni, anamtazama.

Aliyesema ni mjomba, yule yule aliyekataa.

"Mpishi, hii nyama yote mbona imejiviringisha upande wako? Umeifundisha?"

Mpishi akashtuka. "Nyama gani?"

"Hii hapa, yenye mfupa. Rudisha, usituletee mambo ya Chinongwe."

Lilikuwa neno la kumwua mtu. Mpishi akamtazama mjomba, akaona anacheka kwa macho, akaanza kucheka na yeye, mabega kwanza, halafu sauti. Akachukua ule mfupa akamwekea mjomba upande wake. "Kula wewe, meno yako bado mapya." Goti likashuka. Wakaanza kubishana juu ya mbuzi: mjomba anasema hakuiva, Mpishi anasema hakuiva kwa sababu mjomba ndiye aliyemchagua, mzee kama baba yake. Kukwangua kulikuwa kunaendelea. Walipomaliza huko jikoni, huku bado wanabishana.

Wali ulitosha. Ulizidi sinia moja. Bibi aliichukua hiyo sinia akaja kuiweka mbele yetu, akamwambia Mpishi, "Hii ni ya zile tano. Bado nne." Na mjukuu wake hakurudi naye Chinongwe.

Sitakudanganya kwamba alipona. Aliniambia baadaye kwamba usiku ule aliota ukoko, na asubuhi alimgombeza mkewe bila sababu. Lakini watu wakaanza kumwita tena, na yeye akawa na sharti moja: sinia yake iandikwe kwenye hesabu ya wageni. Waliomcheka kwa sharti hilo aliwajibu, "Mimi nikibaki na sufuria tunakuwa wawili, na yeye ndiye mwenye akili." Nyumbani hakupika wali kabisa. Akishikwa na hamu alikwenda barazani kwa jirani kubishana. Kuna siku alishindwa. Alinieleza hizo siku bila kulia wala kujisifu, akaendelea na kazi.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka 1959. Nilikuwa na hoteli yangu Ruangwa, chumba kimoja cha udongo, chai na maandazi asubuhi, wali na maharage mchana. Nilikuwa nimeanza kuitwa Bwana. Nilifanya kazi kuanzia alfajiri, sikuketi, na nilijivuna kwa kutoketi. Mpishi alikuja na lori la ufuta, amezeeka, ameegemea fimbo. Hakupitia mlango wa mbele. Wapishi hawapiti mbele. Alizungukia nyuma, akanikuta nimesimama kando ya karai, andazi mdomoni, jingine mkononi.

Nikamwamkia kwa mdomo uliojaa.

"Hilo la ngapi?" aliuliza.

"Naonja tu, Mpishi. Kazi nyingi."

"Sikuulizi kazi. La ngapi?"

Nikataka kusema la pili. Nikaangalia ungo wa maandazi. Nilikuwa nimekaanga ukajaa, sasa ulikuwa nusu, na wateja walikuwa bado hawajapelekewa. Tumbo langu nililiona siku hiyo kama limeletwa na mtu mwingine.

"Sijui," nikasema.

"Ulikuwepo?"

Akaingia ndani, akarudi na viti viwili vya miguu mitatu, akaviweka uani vikitazamana, na katikati akageuza debe.

"Keti."

"Wateja wako mbele, Mpishi."

"Wana midomo, wataita. Keti ule na mtu."

Nikaketi. Nilichukua sahani moja ya wali na maharage, tukaila wawili, yeye upande wake mimi upande wangu. Alinisimulia juu ya bei ya ufuta, juu ya mkewe ambaye sasa ndiye anayekula ukoko wote na kunenepa, juu ya jirani yake mbishi. Hakunifundisha neno. Wateja waliita, nikawaambia wangoje. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifungue hoteli ile kula nikiwa nimekaa chini, na wali wangu mwenyewe nikagundua hauna chumvi.

Alipanda lori mchana. Baadaye nilisikia amefariki, nikafika mazishi yameshaisha. Mkewe alinipa mkono tu.

Leo nina haya. Nyumba mbili Ruangwa, moja ya tofali za kuchoma, na moja ya udongo niliyokataa kuibomoa. Mikorosho mia nne na kumi, mingine Matambarale. Shamba la ufuta ekari sita. Cherehani ya mke wangu. Watoto wanane, wawili walimu. Hoteli yenye meza kumi na mbili. Sufuria kubwa saba, na hakuna hata moja ninayobaki nayo peke yangu.